Ardhi ya Wapigmei Kivu: haki imeandikwa, hati bado

GOMA – Kwa maandishi, Wapigmei wa Kivu wameshinda mara mbili. Tarehe 15 Julai 2022, Rais Félix Tshisekedi alitia saini sheria nambari 22/030 inayolinda haki zao kama wakaaji wa asili. Julai 2024, Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake juu ya Batwa wa Kahuzi-Biega: Serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Lakini jamaa ya Batwa inayofukuzwa leo shambani, iwe Nyiragongo, Masisi ao Kalehe, mara nyingi haina karatasi ya kumuonyesha hakimu.

Shida inatoka mbali. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Anayetaka haki isiyotikisika lazima apate cheti cha uandikishaji. Kwa ardhi inayokaliwa kufuatana na desturi, sheria hiyo iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo kutoka.

Katika pengo hilo, mkulima wa kawaida alimtegemea mwami ao chefu wa kijiji. Batwa wengi hawakuwa na mlango huo. Waliishi kwa kuwinda na kuvuna asali, hawakuacha mashamba kama ushahidi, na machefu wanaogawa udongo kwa kawaida si wa jamii yao.

Kahuzi-Biega inaonyesha matokeo. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi hekta 600,000, ikafika hata Walikale. Maelfu ya Batwa waliondolewa bila ridhaa wala malipo. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi msituni, na mapambano na walinzi yakaua watu pande zote mbili.

Wanaotetea hifadhi wanasema kwamba baada ya hapo miti ilikatwa kwa ajili ya makala. Ni kweli. Lakini asiye na hati hawezi kumshtaki mfanyabiashara wa makala. Anaweza tu kumfanyia kazi kwa malipo madogo.

Kamisheni iliitaka Serikali iwape Batwa hati za ardhi yao, iwalipe fidia na iwaombe msamaha hadharani. Tatizo ni kwamba haina askari wa kutekeleza. Hata hukumu ya mahakama haitoshi: Waogiek wa Kenya walishinda katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017, na mwaka 2022 wakapewa fidia ya shilingi za Kenya zaidi ya milioni 157. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena katika msitu wa Mau.

Nje ya hifadhi kuna njia fupi zaidi: msitu wa jamii. Dekreti ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kupata hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda. Walikale tayari kuna misitu ya namna hiyo. Hati inatiwa saini na gavana wa jimbo, na hapo ndipo vita vinaingia. Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Kivu Kaskazini ina magavana wawili: mmoja wa Kinshasa anayefanyia kazi Beni, mwingine hapa Goma. Hati ikisainiwa na mmoja, mwingine anaweza kuikana kesho.

Kwa hiyo kazi isiyohitaji saini ya gavana isingoje amani: kuchora mipaka pamoja na majirani, na kuandika ushuhuda wa wazee juu ya makaburi, njia za uwindaji na miti ya asali. Siku ofisi za ardhi zitakapokuwa na mamlaka moja, watu wengi watapanga mstari mlangoni na karatasi mkononi. Batwa nao wawe na ya kwao.