Barua ya Bwana Shamba: Nyumba ya Kipupwe

Ndugu msomaji,

Mvua za masika zimekwisha. Sasa kipupwe kinaingia. Watu wa Nyandira, Langali na Bunduki wanajua maana yake. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa juu ya milima ya Uluguru mpaka jua lipande. Maji ya kunawa yanauma vidole. Vijana huvaa makoti wakaenda shambani. Wazee hukaa jikoni karibu na moto, wakivuta moshi na kukohoa.

Leo nataka kukueleza habari za wazee wawili wa huku Mgeta. Mume ni mwalimu mstaafu. Alifundisha shule ya msingi mpaka alipofika miaka 60, akastaafu kwa mujibu wa sheria. Mkewe ni mkulima wa kabichi, karoti na njegere. Majina yao sitayataja. Nitawaita Mwalimu na Mama.

Kipupwe cha mwaka jana kilimtesa Mwalimu. Magoti yalivimba. Usiku alikuwa akiingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Asubuhi moja Mama aliamka na kizunguzungu, na kichwa kilikuwa kikimgonga. Walikuwa na bahati. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ndugu msomaji, usilale na jiko la mkaa chumbani hata siku moja.

Baada ya siku ile, wazee wale walikata shauri. Walisema, "Tutafute mahali pa joto huko chini. Tujenge nyumba ndogo. Kipupwe tukae huko, na baridi ikipungua turudi shambani kwetu."

Shauri lao ni jema. Kwa kawaida, ukiteremka mlima mita 1,000, joto huongezeka kiasi cha nyuzi 6. Mteremko wa kutoka Nyandira hadi Mlali unakaribia kiasi hicho. Ndiyo sababu mtu wa Nyandira akifika Mlali huvua koti.

MATEMBEZI MATATU

Mwezi wa Mei, mvua zilipopungua, Mwalimu na Mama walianza kutembea. Miaka yote ya kazi hawakupata nafasi ya kutembea pamoja. Mmoja alikuwa darasani, mwingine shambani. Sasa walifunga chakula chao, wakapanda gari linaloshusha mboga, wakaenda kuona nchi.

Safari ya kwanza walikwenda Morogoro mjini. Walifikia kwa mwalimu mwingine mstaafu. Walikaa barazani, wakatazama milima yao kwa mbali. Mama alisema, "Kumbe huku ndiko wanakotuona tumefunikwa na mawingu!" Walifurahi sana. Lakini waliona kwamba mjini kila kitu hununuliwa, hata kisamvu. Viwanja navyo bei yake ni kubwa. Mwalimu alihesabu kiinua mgongo chake akanyamaza.

Safari ya pili walikwenda Kiroka, upande wa mashariki wa milima, kwenye barabara ya kwenda Matombo. Huko kuna joto, migomba na mashamba ya mpunga. Mama mzazi wa Mwalimu alitoka huko. Kwa hiyo huko ndiko kwenye ardhi ya ukoo wa Mwalimu. Mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake, aliwapokea vizuri. Aliwachinjia kuku. Kisha akawapeleka kuona uwanja mzuri chini ya mwembe.

Alisema, "Mjomba, jenga hapa. Ardhi hii ni yetu. Hutatoa hata senti moja."

Mwalimu alifurahi. Alianza kupima kwa hatua: chumba hapa, baraza hapa. Mama hakusema neno. Alishukuru, akala, akafunga vichipukizi vya migomba alivyopewa.

SWALI LA MAMA

Usiku ule, walipobaki wawili, Mama alisema, "Mwalimu, nina swali. Ukitangulia wewe, mimi nitakaa katika nyumba ile kwa ruhusa ya nani?"

Mwalimu hakujibu upesi. Alilijua jibu.

Ndugu msomaji wa Uluguru, wewe pia unalijua. Kwa mila ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo wa Mwalimu haiendi kwa mkewe. Haiendi hata kwa watoto wake wa kuzaa, kwa sababu wao ni wa ukoo wa mama yao. Huenda kwa watoto wa dada zake. Mpwa yule ni mtu mwema. Lakini mpwa naye atazeeka, na watakuja wengine wasiomjua Mama. Watasema, "Bibi huyu si wa ukoo wetu." Basi mjane wa miaka 70 atafunga mzigo wake na kuiacha nyumba iliyojengwa kwa kiinua mgongo cha mumewe.

Mwalimu alisema, "Basi tujenge kwenye ardhi ya ukoo wako." Mama akacheka. "Na nikitangulia mimi, utakaa kwa ruhusa ya nani?"

Huo ndio ukweli. Mila ya ukoo imelinda ardhi ya milima hii kwa muda mrefu. Imewapa wanawake wengi mahali pa kulima. Hatuitukani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, nayo inaitambua mila. Lakini sheria hiyo inasema pia kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali haina nguvu. Hata hivyo, kwenda kwenye baraza kudai haki ukiwa na umri wa miaka 70 ni kazi nzito. Ni afadhali kulimaliza jambo mapema, wote wawili mkiwa hai.

Asubuhi Mwalimu alimwambia mpwa wake, "Ahsante sana. Tutakuja kukutembelea kila mwaka. Lakini nyumba tutajenga mahali ambapo mimi na shangazi yako tutakuwa na haki sawa." Mpwa alisikitika kidogo, kisha akaelewa. Hawakugombana.

KIWANJA KARIBU NA MLALI

Safari ya tatu waliniomba niende nao. Tulikwenda kijiji kimoja karibu na Mlali. Ni karibu na kwao, na Mlali kuna kituo cha afya. Magari ya mboga hupita.

Tulionyeshwa kiwanja cha kwanza. Kilikuwa tambarare, karibu na mto, na udongo wake ulikuwa mweusi. Mwalimu alikipenda. Mimi nikamwonyesha matawi ya miti. Majani makavu na takataka zilikuwa zimenasa juu, usawa wa kifua. Nikamwambia, "Mwalimu, maji ya masika yalifika hapa." Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Udongo mweusi wa bondeni ni mzuri kwa mboga. Kwa nyumba si mzuri. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka, na ukuta hupasuka pamoja nao.

Kiwanja cha pili kilikuwa juu kidogo, chenye udongo mwekundu. Hakuna aliyekitazama kwanza, kwa sababu kilikuwa na vichaka. Hicho ndicho walichokichagua.

Hawakumpa mwenye kiwanja fedha siku ile. Walifanya mambo haya:

Kwanza, walizungumza na majirani wote wa mipakani. Waliuliza kama mwenye kiwanja ndiye mwenyewe hasa, na kama mkewe na watoto wake wamekubali kuuza.

Pili, walikwenda ofisi ya kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mtu akitaka kumhamishia mwingine haki yake, halmashauri hiyo lazima ikubali. Karatasi ya kuuziana iliyoandikwa chini ya mti na mashahidi wawili haitoshi.

Tatu, waliuliza kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji. Kijiji chenye cheti kinaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Wakaambiwa kipo.

Nne, waliomba hati kwa majina mawili, la mume na la mke. Sheria inaruhusu watu kumiliki pamoja. Karani alipouliza, "Niandike jina la nani?" Mwalimu alijibu, "Andika yote mawili. Mama anajua kusoma. Atalisoma jina lake mwenyewe."

Mama alijifunza kusoma ukubwani. Alichukua karatasi, akalifuata jina lake kwa kidole, herufi moja moja. Kisha akasema, "Hapa umeruka herufi." Karani akasahihisha. Ndugu msomaji, unaona faida ya kisomo? Herufi moja inaweza kuleta kesi.

NYUMBA NDOGO YATOSHA

Wazee wale hawajaanza kujenga. Hati haijatoka. Kipupwe hiki watapanga chumba kimoja kijijini hapo kwa miezi mitatu. Wanataka kuona kama magoti yatapona na kama watazoea. Jambo hilo ni la busara. Usijenge mahali ambapo hujalala.

Nyumba wanayoipanga ina vyumba viwili, jiko la nje na baraza linalopata jua la asubuhi. Mwalimu aligawa kiinua mgongo mafungu matatu. Fungu moja ni la kiwanja na nyumba. La pili ni la matibabu. La tatu ni la shamba la juu, ambalo binti yao atalitunza wazazi wakiwa bondeni. Matuta ya mlimani yasipotengenezwa, mvua itaushusha udongo wote mtoni.

Jambo moja zaidi. Bondeni kuna joto, na kuna mbu. Mtu aliyekulia kwenye baridi ya mlimani, mwili wake haujazoea malaria kama mwili wa mtu wa bondeni. Homa ikimshika inaweza kuwa kali. Kwa hiyo nimewaambia wanunue chandarua chenye dawa kabla hawajanunua kitanda, na waweke wavu madirishani. Wakipata homa waende kupimwa siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango." Si bati jipya wala rangi ukutani. Nyumba njema ni ile ambayo mmoja wenu akitangulia, mwingine hatafukuzwa.

Jioni hii, ndugu msomaji, kaa na mwenzako. Muulizane swali la Mama wa Mgeta. Msione haya. Swali hilo haliiti kifo, bali huzuia ugomvi.

Tuonane mwezi ujao.

Wenu,
Bwana Shamba

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Mama hakusema neno pale chini ya mwembe?
2. Kwa nini kiwanja cha karibu na mto hakikufaa?
3. Nyumba unayoishi iko kwenye ardhi ya nani? Mwenzako akitangulia, wewe utakaa wapi?