Hola, karatasi ndiyo iliyodanganya

Imani imeota mizizi katika vyuo vyetu vikuu na maofisini: kwamba lililoandikwa ndilo ushahidi, na anayoyasema mzee chini ya mwembe ni hadithi za kusogezea jioni. Kijana anarudi kutoka Garsen, Tana River, na saa kadhaa za mahojiano aliyorekodi, anaambiwa akatafute hati kwanza. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, na shahidi wangu ni Hola, huko huko Tana River.

Tarehe 3 Machi 1959, askari wa kambi ya kizuizi ya Hola waliwashambulia kwa marungu wafungwa wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na ukoloni, ili kuwalazimisha wafanye kazi katika mradi wa umwagiliaji. Watu 11 wakafa. Kisha karatasi ikatoka: tangazo la serikali ya kikoloni lilisema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Lilikuwa tangazo rasmi, lenye mamlaka yote ya dola nyuma yake. Mtafiti ambaye angeishika karatasi hiyo peke yake angetuandikia sura nzima juu ya maji. Lakini miili ya marehemu ilikuwa na majeraha ya kipigo, na walionusurika walijua ukweli tangu siku ile ile.

Karatasi nyingine zilichomwa kabla ya uhuru, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Ni mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa wameishtaki Uingereza mjini London kwa mateso ya kizuizini, ndipo serikali ya nchi hiyo ilipokiri kuwa na faili za kikoloni zilizofichwa Hanslope Park, Uingereza, takriban 8,800 kutoka makoloni 37. Miongoni mwa walalamikaji alikuwamo Mzee Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola hadi akazimia. Kati ya wanahistoria waliotoa ushahidi alikuwamo Caroline Elkins, ambaye kitabu chake cha 2005 juu ya kambi hizo za kizuizi kilishutumiwa kwa kuegemea mno masimulizi ya wazee. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hayo mateso yaliyothibitishwa na faili za Hanslope Park wazee walikuwa wakiyasema kwa zaidi ya miaka hamsini. Nani alikuwa akisimulia hadithi hapo?

Najua jibu la wahadhiri: wazee husahau, huchanganya miaka, huvutia kwao. Ni kweli. Huko Tana River, Mpokomo mkulima na Muorma mfugaji wanaweza kukusimulia kipande kimoja cha ardhi kwa namna mbili zisizopatana, na tuliona mwaka 2012 katika Delta ya Tana jinsi magomvi ya ardhi na maji yanavyoua. Lakini karatasi nayo huvutia kwa aliyeiandika. Kazi ya msomi ni kuyahoji yote mawili kwa ukali ule ule. Mwanahistoria Bethwell Ogot alifanya hivyo alipoandika historia ya Waluo wa kusini, iliyochapishwa 1967, na leo hakuna anayeiita ngano.

Tena mzee hatoi habari tu, anatoa na maana yake. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekaa na Waorma wa Galole, huko huko Tana River, aliwaletea mchezo wa fedha uliobuniwa na wanauchumi. Watu wanne, kila mmoja na fedha yake mkononi. Unachoweka katika mfuko wa pamoja kinaongezwa maradufu, kisha wote wanagawana sawa, hata yule aliyeficha yake. Nadharia ilidai kwamba mwenye akili ataficha. Waorma waliposikia masharti wakasema: hii ni harambee. Wakatoa kwa wastani asilimia 58 ya fedha zao, na robo yao wakatoa zote. Waliutambua mchezo kwa desturi ya kuchangia shule na barabara, na jina hilo walilolitoa wao ndilo lililowafafanulia wataalamu matokeo yao wenyewe. Ule ulikuwa uchambuzi, na haukutoka chuo kikuu.

Kwa hiyo mhadhiri, usimrudishe tena kijana wa Garsen kwa kuwa hana hati. Mfundishe kupima anachosikia. Nawe mtafiti unayekuja Tana River, taja kwa heshima waliokufundisha, na wakikubali, kwa majina yao. Tasnifu ikikamilika, irudishe Hola: acha nakala, kisha simama barazani uisome kwa Kiswahili mbele ya wale waliokuambia, wakukosoe pale ulipokosea.