Nguzo za Kibaha na Kisarawe

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili kinafaa kwa mashairi, si kwa kompyuta. Ninawakatalia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,488 katika Mji wa Kibaha na 101,598 Wilayani Kisarawe. Katika Python niliandika kibaha = 13, kisarawe = 10, kisha nikaamuru nyota irudiwe kwa hesabu hiyo, kila nyota ikisimamia watu 10,000 hivi. Grafu ya nguzo ikatokea: moja ndefu, moja fupi. Neno la kigeni lililonilazimu ni moja tu, print. Enyi malenga mhesabuo mizani katika kila mshororo, kipi hapa kiwashinde? Msamiati tunao, tulichokosa ni uthubutu wa kumfundisha mtoto wa Kisarawe kwa lugha anayoiotea ndoto.