Kampuni inaandika masaa yetu. Sisi tunaandika wapi?

Wandugu wafanyakazi, bamama na batata wa cité: kila siku tukipitisha badji ku mulango wa kampuni, mashini inaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwisho wa mwezi, ordinatere ya kampuni njo inasema mutu alifanya masaa ngapi. Na sisi? Wengi wetu tunabeba hesabu mu kichwa. Siku mabishano yanatokea, kampuni inatoa karatasi, sisi tunatoa maneno. Ile njo sababu leo ninaandika juu ya ordinatere, lakini si ile ya ofisi. Ni ile ya nyumba.

Kwetu tuko na mwezi moja na ordinatere mpya, ile kubwa ya kuweka juu ya meza. Imekamata nafasi ya ile ya zamani iliyotumika zaidi ya miaka kumi. Wandugu wa kazi wananiuliza: "Unaionaje? Inastahili ile feza?" Ninajibu ndiyo, lakini kama mutu anajua anainunua juu ya nini.

Kitu cha kwanza tuliona ni mbio. Ile ya zamani ukiiwasha, mama alikuwa na wakati wa kusonga bukari mbele ifunguke. Hii mpya inafunguka upesi, na haipigi kelele. Sababu si uchawi. Zamani ndani mulikuwa diski ya kuzunguka; sasa muko diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Kama unaenda kununua, hata okazyo, uliza ile swali mbele ya kuuliza bei: "Diski ni SSD?" Kisha uliza memwari: giga 8 zinatosha kwa kazi za nyumba. Rangi ya sanduku na ukubwa wa ekra visikudanganye.

Cha pili ni umeme. Ordinatere ya meza haina batri ya kuishikilia kama ile ya kubeba. Umeme ukikatika, inazima palepale, na kazi ambayo haujaenregistre inapotea. Umeme ukirudi kwa nguvu, unaweza kuichoma. Kwa hiyo ondulere si kitu cha kujionyesha; ni nusu ya mashini. Dakika chache ambazo ondulere inakupatia zinatosha kuenregistre na kuzima vizuri. Mutu mwenye feza ya ordinatere tu, bila ya ondulere, afazali angoje mwezi mwingine.

Cha tatu hakikutupendeza. Hizi mashini za sasa, mbele zikubali kuanza, zinaomba intaneti. Kisha zinavuta mise à jour bila kukuuliza, na mega zinakwisha. Dawa iko: ndani ya reglaje za rezo, weka alama ya "connexion limitée". Mise à jour nyingi zitangoja mpaka ufike mahali pa intaneti nzuri.

Sasa tuseme juu ya ile ya zamani. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inakataa kuingia mu mashini nyingi za zamani, kwa kuwa inadai kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesere ya karibuni. Hapo mwuzaji anakuambia: "Hii imekufa, tupa, nunua ingine." Haijakufa. Ukiweka SSD, ukaongeza memwari, ukaingiza Linux na LibreOffice ambazo ni za bure, itaandika barua na kufanya hesabu miaka ingine. Ile yetu imeenda kwa madelege, na njo inaandika barua zao. Kwa hiyo mutu asikukimbize kununua. Na mwingine asikuuzie mashini ya Windows 10 kwa bei ya mpya.

Basi, kazi yenyewe ni gani? Ni masaa.

Sheria ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inasema juma la kazi ni masaa 45. Ukipita pale, masaa 6 ya kwanza yanaongezwa asilimia 30. Yale yanayofuata yanaongezwa asilimia 60. Ukifanya kazi siku yako ya kupumuzika, ni asilimia 100. Wengi tunajua hii sheria. Lakini nani anaihesabu kila juma?

Tufanye mfano. Mutu analipwa franka 10.000 kwa saa. Juma hili alifanya masaa 53, bila kugusa siku ya mapumuziko. Masaa 8 ni ya ziada. Sita ya kwanza ni franka 13.000 kila moja: 78.000. Mbili za mwisho ni franka 16.000 kila moja: 32.000. Pamoja ni 110.000. Kama wamelipa yale masaa 8 kwa bei ya kawaida, ni 80.000. Pale pamepotea 30.000 kwa juma moja. Kwa majuma manne ni 120.000. Ile ni feza ya masomo ya mutoto, na hakuna mutu aliyeiiba kwa bunduki. Imepotea kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Mu ordinatere ya nyumba, hii hesabu ni tablo moja. Safu ya tarehe, ya saa ya kuingia, ya saa ya kutoka. Unaandika formile mara moja, mashini inajumlisha yenyewe. Kwetu binti wa sekondari njo anaingiza masaa kila jioni, na mama yake anaangalia kama yanafanana na karatasi ya malipo. Hii njo inanifurahisha kupita mbio: mushahara umekuwa jambo la nyumba nzima.

Na wakati hautungoji. Ile sheria inapatia mufanyakazi mwaka moja tu wa kudai mushahara ambao hakulipwa, kuanzia siku ulipopashwa kulipwa. Ukija kwa delege kisha miaka miwili na maneno ya mudomo, hata delege mwenye nguvu atafanya nini?

Ninasikia wenye kusema: "Delege, mushahara unaishia ku bukari, ku nyumba ya kupanga, ku dawa. Ordinatere ni ya wakubwa." Ni kweli, bei ni nzito, na sitaki mutu aingie mu deni la riba juu ya mashini. Lakini likelemba tunaijua. Nyumba tatu za jirani zinaweza kushirikiana ordinatere moja ya okazyo. Wengine wanasema watoto wataangalia filme tu. Pangeni saa: masaa na masomo mbele, filme kisha.

Neno moja kwa wale wanaotumia ordinatere ya kazi kuandika mambo ya sindika: muache. Ile mashini ni ya kampuni, na yaliyomo kampuni inaweza kuyasoma. Mambo yetu yakae mu mashini yetu, yenye mot de passe, na kopi mu kle ambayo inalala mahali pengine.

Ndani ya hii mashini muko shaba: mu nyaya, mu plaki, mu alimentation. Inatoka mu udongo kama huu wetu, mukononi mwa watu kama sisi, inazunguka dunia na kuturudia kwa bei kubwa. Basi ikirudi, itufanyie kazi.

Na ambaye hana uwezo leo, asingoje. Kaye ya mutoto ya kurasa 48 na biki zinatosha kuanza. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la posti. Weka kila karatasi ya malipo mu farde moja, usiitupe. Siku ordinatere itafika, utaingiza yote. Na kama mabishano yanafika mbele yake, uje kwa delege wako na ile kaye mukononi.