Soko la Hisa ni la Nani?

Mchanga wa Kwale ulianza kuchimbwa mwishoni mwa 2013, na mgodi ukafungwa Desemba 2024. Titani ilipakiwa melini Likoni, machoni petu. Lakini hisa za kampuni mama ziliuzwa Australia na London. Mvuvi wa Msambweni aliyetamani kumiliki japo hisa moja ya mchanga wa jirani yake, Nairobi asingeipata.

Husemwa kwamba soko letu ni dogo. Ni kweli, ila si kweli yote. Tangu 1954 Soko la Hisa la Nairobi lilikuwa chama cha madalali. Mwaka 1991, mwaka ule ule kilipofutwa kifungu cha 2A, lilisajiliwa kuwa kampuni, na wenyewe wakabaki wale wale. Sasa, ikiwa chombo kipya kitampunguzia dalali kazi, na kura ya kukileta ni yake dalali, ataipiga vipi? Toronto walianza kutumia kompyuta 1977. Nairobi bei zilinadiwa kwa sauti ukumbini hadi 2006.

Mwaka 2014 umiliki ulifunguliwa: hisa za soko lenyewe ziliuzwa kwa umma, shilingi 9.50 kila moja. Mikataba ya bei za baadaye ikaanza Julai 2019. Na Agosti 2025 sharti la kununua hisa mia likaondolewa, hata moja yatosha. Haki isemwe, kompyuta zilitangulia mageuzi hayo, na hatifungani ya M-Akiba ya 2017, iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ilikuwa ya Serikali. Tena mwenye hisa anayengoja gawio hupenda ubunifu uletao ada upesi. Mikataba ile ya 2019 haikubuniwa kwa ajili ya mama muuza samaki wa Diani.

Sheria ya Madini ya 2016 yataka kampuni kubwa za uchimbaji ziandikishe asilimia 20 ya hisa zao katika soko la humu nchini, ingawa waziri aweza kuongeza muda. Mgodi wetu ulifungwa bila hisa zake kuonekana Nairobi.

Kwa hiyo twawaomba wanavikundi wa makanisa na vyama vya akiba, kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga, wanunue japo hisa moja ya soko hilo. Mwenye hisa ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Huko tuulize: kabla mgodi mwingine haujafunguliwa Pwani, soko limeandaa nini ili hisa zake ziuzwe hapa?