Baa Yako Inasema Berlin, na Wewe Uko Likoni

Wanangu, hii nitaisema na atakayenuna anune: hizo desktopu za Linux mnazoposti kila Jumapili si zenu. Mumeziazima.

Naziona. Mlima Fuji nyuma. Herufi za Kijapani juu, na hakuna hata mmoja wenu anayezisoma. Terminali imefunguliwa makusudi ili tuone nembo ya Arch. Nikiuliza, "Hii umeifanyaje?" naambiwa, "Si nimeshusha dotifaili za jamaa fulani, nikaendesha skripti yake, basi." Sasa hapo umepamba nini? Umehamia nyumba ya mtu na viatu vyake bado viko mlangoni.

Nami nilikuwa mmoja wenu. Nina laptopu ya mtumba, ramu GB 4, kibodi imefutika herufi tatu. Usiku mmoja nilikuwa na kazi ya kadi za harusi, mteja anazitaka asubuhi zipelekwe kuchapwa ng'ambo, mjini. Kazi ilikuwa karibu kuisha. Nikasema wacha nipumzike kidogo, nikaona i3 ya mtu imependeza, nikaishusha, nikaendesha skripti yake bila kusoma hata mstari mmoja. Nikatoka, nikaingia tena.

Skrini nzuri kweli. Baa juu inaniambia Berlin nyuzi 3. Mimi niko Likoni, fulana imenigandia mgongoni, feni yenyewe inapuliza moto.

Nikacheka. Kisha nikabonyeza vitufe vya kufungua terminali. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Manake faili la yule jamaa liliita terminali aliyonayo yeye, na mimi sikuwa nayo. Menyu nayo hivyo hivyo. Kadi za watu ziko ndani ya mashine, salama kabisa, na mimi mwenye mashine sijui pa kupitia. Asubuhi nikapanda feri na laptopu mkobani, nikamtafuta rafiki yangu mjini. Alifungua konsoli, akabadilisha neno moja kwenye faili. Neno moja! Lakini mteja alishapeleka kazi kwa mwengine.

Laptopu haikuharibika, ushaelewa? Mgeni ndani ya laptopu yangu nilikuwa mimi.

Na haya mambo hayakuundwa tuwe wageni. Mfumo wa X, ambao ndio i3 na dwm zimekaa juu yake, ulianza MIT mwaka 1984, na walioutengeneza walikataa makusudi kuamua dirisha liwe na sura gani. Hilo walikuachia wewe. dwm, iliyotoka 2006, wenyewe walijiwekea mpaka: kodi isizidi mistari 2,000. Ukitaka kubadilisha rangi, unafungua faili liitwalo config.h, unaandika, unakompaili upya. Wanakupa kitambaa kitupu. Na wewe kitambaa kitupu unakwenda kukijaza maisha ya mtu wa Berlin?

Sisi na kitambaa tunajuana, jamani. Nenda Mtaa wa Biashara uangalie kanga. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina. Pindo ni mpaka wa dirisha: rangi yake ndiyo inakwambia dirisha gani unaliandikia sasa hivi, kwa hivyo chagua unayoiona hata jua likipiga kwenye skrini. Mji ni nafasi yako ya kazi. Na jina ni ile baa, maneno yako wewe. Mwanamke wa Pwani hanunui kanga kabla hajasoma jina. Wewe umeijaza baa yako maneno usiyoyajua, ukaita staili.

Anza na saa. Kwa Mswahili, jua likishachomoza ni saa moja, si saba. Andika hivi kwenye terminali:

TZ=UTC+3 date +%I:%M

Hiyo alama ya kujumlisha si kosa. Kwenye Unix inasomwa kinyume: saa tatu nyuma ya UTC. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hivyo tofauti ni saa sita, zile zile za bibi yako. Saa moja asubuhi skrini inasema 01:00. Ukiwasha na lugha ya sw_KE kwenye mfumo wako, LC_TIME=sw_KE date +%A itakupa Jumamosi badala ya Saturday. Mistari miwili tu, lakini ukiulizwa inafanya nini, una jibu.

Kiswahili kwenye kompyuta wala si ndoto ya jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa lugha yetu. Sisi leo tunashindwa na saa?

Najua kuna wakubwa wanasema haya yote ni kupoteza wakati, tafuteni kazi. Wakubwa, kwa heshima zote: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu kibao za mtumba haziwezi kubeba Windows 11. Tunaambiwa ni taka, nunua nyengine. Kwa pesa gani? Desktopu nyepesi ndiyo inayozifanya ziamke. Na kijana anayejua kusoma faili lake mwenyewe ameshaanza kazi.

Na wewe utakayeniambia "lakini kila mtu hujifunza kwa kunakili", sawa. Nakili mstari. Usome, uuvunje, uurudishe. Usinakili nyumba nzima. Skripti ya mtu usiyemjua ukiiendesha bila kuisoma, na hasa ikikuomba paswadi, umempa ufunguo wa mlango na wa kabati.

Yangu mimi leo haina Fuji. Nyuma ni rangi moja tu, kijani cha maji ya kivuko. Pindo jekundu. Saa ya Kiswahili, siku ya Kiswahili, na asilimia ya betri, manake stima zetu mnazijua. Haitashinda shindano lolote la uzuri.

Lakini hata usiku wa manane, gizani, najua kila kitufe kinafungua nini. Wewe je?