Daraja za Usingizi

Mara nyingi huletwa kwetu mashtaka ya kijana asinziaye darasani. Baba humwita mvivu. Naye kijana huapa kwamba amelala tangu saa tatu usiku mpaka alfajiri. Twaona aweza kuwa mkweli, na hata hivyo usingizi wake usiwe umemfaa kitu. Mtu aliyelala hawezi kuushuhudia usingizi wake mwenyewe.

Shahidi mwingine yuko. Mwaka 1924 tabibu Hans Berger, katika mji wa Jena, Ujerumani, alifaulu kunakili umeme mdogo mno utokao katika ubongo wa mwanadamu, akautangaza uvumbuzi huo mwaka 1929. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky alimbandika nyaya karibu na macho mwanawe wa miaka minane, akaona kuwa usiku huja nyakati ambazo macho hukimbia huku na huko chini ya kope, hali ya kuwa mtoto amelala. Yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, waliyaeleza hayo mwaka 1953. Watu walioamshwa nyakati hizo, wengi walisema walikuwa wakiota.

Siku hizi mgonjwa hulazwa hospitali usiku mmoja, akabandikwa nyaya kichwani, kando ya macho na kidevuni, akafungwa mshipi kifuani wa kupimia pumzi. Kisha mjuzi huukata usiku ule vipande vya sekunde 30. Saa nane za usingizi hutoa vipande 960, na kila kimoja hupewa daraja yake: kuwa macho, lepe, usingizi wa kati, usingizi mzito, au usingizi wa ndoto. Vikipangwa, hutokea mchoro mfano wa ngazi: mlalaji hushuka na kupanda, mzunguko mmoja ukichukua dakika 90 hivi. Kwa mwenye afya usingizi mzito huwa mwingi mwanzo wa usiku, na ule wa ndoto hurefuka karibu na alfajiri.

Sasa mtazameni mkoromaji ambaye koo lake huziba. Pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi, ubongo humshtua avute hewa, naye asubuhi hakumbuki lolote. Ngazi yake huonekana imekatwakatwa. Kila akishuka huvutwa juu. Watu wa nyumbani humcheka kwa mkoromo wake, na kumbe moyo wake wataabika usiku kucha. Tiba yake ipo: mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza mashine ipulizayo hewa puani ili koo lisizibe, nayo yatumika hata leo.

Yuko na mwenye maradhi yaitwayo nakolepsi, ambayo mara nyingi huanza ujanani. Mtu mzima mwenye afya hukawia zaidi ya saa nzima kuufikia usingizi wa ndoto. Huyu aweza kuuingia kabla ya dakika 15 kupita. Wengine wao wakicheka sana magoti hulegea wakaanguka, akili zao zikiwa timamu. Hawa ndio huitwa wavivu, au husemwa wamepandwa na shetani! Tabibu huwapima mchana pia, akiwalaza kidogo kila baada ya saa mbili ili aone mchoro wao.

Saa za mkononi za siku hizi nazo huchora ngazi. Hizo hukisia kwa mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono. Hazisomi ubongo, wala hazitoshi kumhukumu mtu kuwa ni mgonjwa au mzima.

Vyombo vyenyewe haviko katika kila hospitali. Basi kabla ya kumwendea daktari, mwenye kulala chumba kimoja na mgonjwa na aandike kwa wiki mbili: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, pumzi zilikatika au la, na mchana alisinzia wapi. Karatasi hiyo apewe daktari.